Lukresia, Aliyechunga Nguva Mwamapalala

Ni mwaka sasa, Mama Kabula, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotutoka, mvua ikinyesha polepole na kalamu yako ikiwa bado wazi mezani. Mpaka leo kuna siku tunapunguza sauti tukipita dirishani kwako, tukidhani unaandika.

Tunaukumbuka ukarimu wako, na tunaikumbuka mboga yako yenye chumvi mara mbili. Sura ya riwaya ikikunogea, chakula kilikuwa shauri la Mungu. Kwa kazi ulikuwa mwalimu wa darasa la tatu, kwa moyo ulikuwa mwandishi wa riwaya za watoto, na mgeni akikuuliza unafanya nini ulitaja hilo la pili kwanza, bila aibu. Tulikutania, ukacheka nasi, kisha ukarudi kwenye karatasi zako.

Nawe ukaamua kuandika juu ya bahari, mtu wa Simiyu! Bahari yenyewe uliiona mara moja tu, ulipokwenda kusini, karibu na Kilwa, kumtafuta nguva, yule mnyama mpole anayekula majani chini ya maji na kupanda juu kuvuta pumzi. Ulikaa wiki nzima, hukumwona. Wavuvi walikwambia nguva wamebaki wachache mno, maana majani yao yanang'olewa na nyavu za kukokota. Ulirudi Mwamapalala. Watoto wanaochunga ng'ombe walipokuuliza, "Mwalimu, ulimwona?" uliwajibu, "Sikumwona. Ndiyo maana nataka kumwandika kabla hajaisha."

Pa kuanzia ulipajua. Watoto wa Mwamapalala hawaijui bahari, lakini malisho wanayajua. Ukawapeleka kwenye ngitili yetu, lile eneo tunalolifunga mvua zikianza ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi, ukawaambia kwamba bahari nayo inahitaji ngitili yake. Palepale uliwasomea kila sura mpya. Wakianza kuangalia mifugo badala yako, sura hiyo uliichana. Jioni, ukirudi kupitia majani marefu, ulikunja khanga mpaka magotini kama mtu anayevuka maji, wala hukujua kwamba unafanya hivyo. Mumeo Mayige alikuwa akikutazama kutoka zizini, na siku hizo ng'ombe walichelewa kukamuliwa.

Ndiyo maana ulipoondoka hakuweza tena kuitazama ile ngitili. Ng'ombe aliwapitisha njia ya mbali. Akilala, alituambia, alikuona ukitembea mle ndani, majani yamekufika kifuani, unasonga mbele taratibu bila kugeuka. Mdogo wake, Bundala, akamwonea huruma. "Kaka, yale majani yanakutesa," alisema. "Tulime pamba, yaishe." Mayige akakubali. Plau ikapangwa kuingia mwishoni mwa Novemba. Sisi wengine tulijua kwamba ngitili ikishalimwa hairudi upesi, lakini nani angemwambia kitu mtu aliyefiwa?

Jumamosi moja kabla ya plau kuingia, binti yako Kabula alirudi kutoka Bariadi na kurasa za riwaya yako ya mwisho. Muzdalifa wa steshenari, rafiki yako uliyezoea kugombana naye juu ya mwandiko wako, alikuwa amemaliza kuzichapa. Mchana wa siku hiyo Kabula akakaa karibu na zizi, akaanza kumsomea baba yake. Unajua kwamba Mayige hakuwahi kusoma kitabu chako hata kimoja. Alidai anavisikia vya kutosha ukivisema usingizini.

Ndani ya riwaya hiyo kuna kijiji cha pwani kinachotaka kuyafunga malisho ya nguva ili yapumzike, na kuna mvuvi mmoja, Mzee Sharifu, anayekizuia. Kabla ya kupinga jambo hukohoa kwanza. Mkutanoni huja na kigoda chake, akakaa akiwapa watu ubavu. Akibanwa sana husema, "Mimi sikatai, ila sijakubali."

Mayige akainua mkono. "Rudia hapo, mayu, mama yangu."

Kabula akarudia.

"Huyu ni mimi."

"Ni mvuvi, baba."

"Mvuvi gani! Kikohozi changu, kigoda changu. Huyu mama yako kanivisha msuli, kanitupa baharini!"

Alicheka, Mama. Hatukuwa tumekisikia kicheko hicho tangu msiba. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, wala hakuyaficha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwishoni nafanya nini?"

Kabula akageuza kurasa zilizobaki. Hazikuwa nyingi. "Mama hakufika huko, baba. Ameishia pale watu wote wamekaa ufukweni, wanakusubiri."

Mayige alikaa mpaka jua likalegea, akachukua fimbo yake, akaingia ngitili kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Majani mapya yalikuwa bado mafupi. Tulimwona akitembea polepole mpaka mpakani, akasimama, akarudi na suruali iliyolowa maji ya mvua ya asubuhi. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bundala.

"Mwadila, Bundala," alimsalimia kwa Kisukuma. "Plau ikalime shamba la kule Nkoma. Pale pangu hapana."

"Umeota tena, kaka?"

"Sikuota. Nilikuwa nasubiriwa."

Bundala hakubisha. Kesho yake alikuja mwenyewe kupanda miiba kuzunguka mpaka, na kaka yake akamsaidia. Kabula ameiandika sura ya mwisho vilevile tulivyoyaona mambo kwa macho yetu, na Muzdalifa ameichapa. Safari hii, anasema, hakuwa na mtu wa kugombana naye, na ilimwuma.

Unakumbukwa na mumeo Mayige, binti yako Kabula, shemeji yako Bundala na nyumba yake, rafiki yako Muzdalifa, walimu wenzako, na watoto wote wa Mwamapalala uliowasomea wakasahau ng'ombe.

Tulipomaliza kuandika haya, mumeo alituomba tuongeze maneno yake, na akakataa tuyapambe. Tunayaweka kama alivyoyasema: "Lukresia, nimefunga. Majani yamefika kiunoni. Hakuna anayeingia mpaka Agosti, hata mimi nakutazama nikiwa nje."

Siku zote tutakazojaliwa, Mama, tutakukumbuka.