Plastiki Iliyojiponya

Filo, leo Jumanne tarehe 12 Mei. Asubuhi huku Mikumi kulikuwa na ukungu na manyunyu, na jioni hii nimejiaibisha darasani kwetu, kwenye mafunzo ya useremala. Usicheke kabla sijamaliza.

Unaujua ule msalaba niliopewa na kwaya niukate kwa ajili ya Jumapili? Plastiki ngumu, kipande kimoja tu, hakuna cha akiba. Nikaomba, nikawasha mashine ya kukatia nakshi, ile yenye msumeno mwembamba, kwa spidi ileile ninayokatia mbao.

Filo, nilikata mpaka mwisho. Nikavuta kipande. Hakiachii! Mkato umejifunga nyuma ya msumeno. Umejifunga WENYEWE!

Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Muujiza! Bwana hataki msalaba wake ukatwe!" Nikaomba kwa sauti, machozi yananitoka. Dotto wa meza ya jirani akavua kofia.

Mwalimu Ditram akasubiri niseme amina. "Mama Obed, hiyo ni spidi. Plastiki imepata moto, imeyeyuka, ikagandana tena. Punguza spidi, weka msumeno wa meno makubwa. Bwana hana ugomvi na wewe."

"Kumbe nimevua kofia bure!" akasema Dotto. Darasa zima likaangua kicheko.

Nikabadilisha msumeno, nikarudia mstari uleule polepole, roho mkononi. Msalaba ukatoka mzima, Filo. Mzima!

Mwalimu akasema hanipi mashine tena mpaka niahidi. Basi nikasimama mbele yao wote, nikatamka: "Kuanzia leo, nitapunguza spidi kwanza, ndipo nipige magoti."