Gari la Kanyiva Haliondoki Tupu

Jumanne, 3 Juni 2025

Kosa la watu wengi wanaposafirisha gari kwa meli ni kudhani kwamba gari ni sanduku lenye magurudumu. Si sanduku! Ukiacha kitu ndani, hakina bima. Kikiwa chakula, forodha huko kwa wenyewe watalizuia gari zima. Wariara, wakala wetu wa Mombasa, alinieleza hayo kwa simu, maneno machache tu. Mimi nimeyaeleza tangu Jumapili – kwa mke wangu, kwa jirani, na kwa wazee wa kanisa ambao hakuna hata mmoja mwenye gari.

Gari ni la binti yetu. Kanyiva ametangulia Namibia, kazi ya kuzungukia zahanati za jangwani. Lisipomfikia kabla ya Agosti, kazi atapewa mwingine. Aliniomba kitu kimoja: "Baba, nitumie likiwa tupu." Nikamwambia, si unanijua? Mwalimu Musembi na maagizo!

Jumatano, 4 Juni 2025

Shemeji Nzau amefika Kasikeu kutoka Kyuso na gunia dogo la ndengu. Za njiani, anasema. Nikauliza njia gani. "Ya mtoto, shemeji." Nikamweleza habari za bima na forodha, taratibu, tangu mwanzo. Alisikiliza kwa heshima sana. Kisha: "Kwa hiyo niziweke chini ya kiti?"

Mke wangu Kasyoka naye: "Baba Kanyiva, hata kiondo cha jirani hukirudishi kitupu. Leo utamtumia mtoto gari zima bila kitu, watu wa huko waseme hana kwao?"

Nikaeleza tofauti ya kiondo na gari. Akasema tofauti anaijua: kiondo hubebwa na watu wenye adabu.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Nimekagua gari. Chini ya kiti: ndengu, bila shaka. Ndani ya dashibodi: muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye mfuko wa mkate. Chini ya zulia: leso mbili, zimekunjwa zikawa bapa kama chapati. Huyo ni mke wangu! Nimetoa vyote. Nzau alisimama akitazama kama mtu aliye mazishini. "Umelifilisi gari, shemeji." Chai ya saa kumi imekuja bila sukari. Nimeinywa hivyohivyo.

Nimempigia Wariara: gari ni tupu kabisa.

Isipokuwa chupa moja ya asali. Hiyo ni tofauti. Asali haiozi – maji yake ni machache, vijidudu haviwezi kuishi humo. Ni sayansi. Tena ni ya mizinga yangu mwenyewe. Nimeifunga ndani ya sweta yangu ya kijani na kuilaza chini ya tairi la spea. Afisa gani wa forodha atainua tairi? Kanyiva alipokuwa mdogo alikuwa akilamba kifuniko kwanza, kisha ndipo anasalimia.

Basi, hayo tu.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Mtito Andei. Naandika vibaya, mkono umevimba.

Nilifika mapema, nikaegesha juani kwenye kituo cha petroli, nikaenda kunywa chai nikisubiri lori la kubeba magari hadi Mombasa. Asali ikipata joto hutanuka, ikapenya kifuniko. Nilifundisha hilo kidato cha pili! Na huku kwetu Juni maua ni haba, nyuki wana njaa. Hilo sikulifundisha, lakini nilizaliwa nikilijua.

Niliporudi, buti lilikuwa linanguruma.

Kisilu, dereva wa lori, alisimama mbali. "Mzee, hii gari yako inatumia petroli ama asali?" Madereva wengine wakatoka hotelini na sahani zao. "Mpeni huyu mzee kiti cha ubunge, ana wafuasi!" Kisilu akasema, "Na si ulituambia iko tupu?" Nikafungua mdomo kueleza. Nyuki mmoja akaniuma mdomoni, palepale kwenye maelezo. Asi!

Kisilu hapakii gari lenye nyuki. Saa nane anaondoka, nyuki watoke wasitoke. Wariara anasema lori lijalo litaikuta meli imeshang'oa nanga.

Nilimpigia Kasyoka. Alicheka mpaka simu akampa Nzau, naye Nzau akashindwa, akairudisha. Halafu Kasyoka akauliza: "Baba Kanyiva, hiyo asali ni yako?"

"Ni yangu."

"Kumbe hata wewe una hamu naye."

Kisilu ameleta matambara na gunia la kufukizia moshi. Ameacha utani, ananionea huruma, jambo baya zaidi. Kanyiva amepiga mara mbili nikaacha simu ilie. Atauliza gari limepakiwa? Nitasema nini? Mdomo ni kama kiazi. Maelezo marefu hayawezekani, hata nikitaka.

Afadhali. Musembi, weka kalamu chini, mpigie mtoto.