Shikamoo ya Kiongoroni

Mwanangu Zuhura, hujambo? Kiongoroni mvua tele, nami nimefika salama kwa mama yako mkubwa. Unajua tangu tumzike bibi yako hakuitikia tena shikamoo yangu, eti sikulia kwa sauti kama yeye. Leo nimemwamkia mlangoni, akasema, "Nawa miguu, usinijazie tope!" Nikajua nimekuja bure. Lakini tulipokaa kula kwenye sinia moja, akawa anamenya kamba na kuwasukuma upande wangu.

"Marahaba," akasema, mdomo umejaa wali. "Kula. Mwanamke mzima hujui kumenya kamba! Mama alikudekeza."

Tukacheka, mpaka akapaliwa. Moyo wangu umetua, mwanangu. Msalimie baba yako, na Mungu awalinde.

Mama yako