Choo Hakikuwa Kwenye Mkataba

Alhamisi jioni. Mvua ya saa nane imepita, majani chai yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na mimi nimeandikwa kazi.

Tulia, Shajara. Kazi gani nitakuambia mwishoni. Nanyi mnaosoma kwa simu, wasomaji wangu kumi na mmoja (mmoja ni mimi mwenyewe), msiruke kwenda chini.

Kwa wasionijua: naitwa Langat. Shule niliachana nayo kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote, na katika barabara yote ya Kericho kwenda Bomet hakuna mtu anajua gari za stima, hizi za betri, kunishinda. Tangu wafungue kituo cha kuchaji hapo mbele ya shamba letu, nimekuwa nimejiajiri. Madereva wanakuja na magari ya maana na hawajui waya inaingia wapi. Mimi naingiza. Napanguza kioo. Nawapa somo kidogo la betri, hata kama wao ndio mainjinia. Hakuna aliyeniita, lakini pia hakuna aliyenifukuza, na hapa kwetu hiyo ni nusu ya barua ya kazi.

Kituo chenyewe ni cha ubia. Bango linasema hivyo: serikali pamoja na kampuni ya kibinafsi. Watu walipouliza maana yake kwa baraza, afisa alieleza kwa lugha ngumu mpaka wazee wakaanza kusinzia, nikaona nimsaidie. Nikasimama nikasema ni kama zamani, mtu wetu alipomwekea rafiki yake ng'ombe. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Rafiki anamlisha, anamchunga, anakunywa maziwa, na siku ikifika anamrudisha. Basi serikali imetoa kiwanja kando ya barabara na kuvuta stima. Kampuni imeleta mashine, inauza chaji, na miaka waliyopatana ikiisha, kituo kinarudi kwa serikali.

Watu walipiga makofi. Afisa hakupiga.

Sasa, shida.

Kuchaji si kama kuweka petroli. Gari inakaa dakika arobaini, zingine saa nzima. Dereva ametoka Nairobi, amemaliza chupa mbili za maji njiani, na baridi ya huku unaijua. Kituo kina mashine nne, taa, kamera, hata maua yamepandwa. Choo hakuna.

Na hapa lazima niungame, kwa sababu shajara isiyo na ukweli ni tangazo tu.

Madereva walikuwa wananiuliza mimi choo kiko wapi. Na mimi nilikuwa nanyoosha kidole upande wa chini. Ingia tu pale, boss, ni kijani, hakuna mtu anakuona. Niliona ni mchezo. Mtu wa suti kuchuchumaa katikati ya majani chai, wewe usingecheka?

Yalikuwa majani chai ya Mama.

Zile laini mbili za michai zilizo karibu na barabara ndizo zinazompa majani mororo kuliko zote. Mama yangu huchuma majani mawili na chipukizi kwa makini kama anayechagua mkwe. Jumatatu alipeleka majani yake kituo cha kupimia. Karani akainamisha pua kwenye gunia, akanusa, akalisukuma kando mbele ya wanawake wote. Akamwambia ikitokea tena, asilete majani hapo. Na Mama hana kitu kingine. Chai ndiyo ilinilea, ndiyo ilinilipia hata ile shule niliyoikimbia.

Alirudi na gunia mgongoni. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Aliliweka kona ya jikoni, na kwa ule uso wake hata kuku walitoka nje.

Jumanne akapiga zile namba mbili zilizo kwenye bango. Injinia wa serikali akamwambia majengo ni ya kampuni. Madam wa kampuni akamwambia kiwanja ni cha serikali. Wote walikuwa na adabu sana. Mama akamwalika kila mmoja chai siku ya Alhamisi saa sita, na hakumtajia yeyote kuhusu mwenzake.

Leo wamekuja. Injinia ni mwanaume mnene wa kucheka kwa sauti. Madam alivaa viatu vyeupe, kwa huu udongo wetu. Walipokutana mlangoni, kila mmoja alimwangalia mwenzake kama amemkuta kwa mkutano ambao yule alisema hatakuja kwa sababu ni mgonjwa.

Kwetu huanzi maneno kabla ya chai, na mgeni hakatai kikombe. Vikombe vya Mama si vikombe, ni ndoo zenye mkono. Kikombe cha kwanza walizungumzia mvua. Cha pili wakaingia kwa mkataba: Injinia akasoma kifungu chake, Madam akasoma chake, na nikagundua ule mkataba umetaja mpaka rangi ya taa. Kila mmoja akisema choo ni cha upande ule mwingine, Mama anaitikia kwa heshima na kumwongezea chai. Saa nane mvua ikamwagika. Hakuna wa kutoka. Kikombe cha tatu.

Umewahi kusikiliza maji yakimwagika kwa mabati nusu saa ukiwa na vikombe vitatu vya chai tumboni?

Madam alikuwa wa kwanza kukunja miguu. Injinia aliacha kucheka. Akatazama dirisha, akatazama paa, mwishowe akainuka nusu.

"Mama Langat, samahani. Choo kiko wapi?"

Mama akashika ufunguo uliokuwa unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Mimi maisha yangu yote sijawahi kuona choo chetu kikipigwa kufuli.

"Unatafuta kipi, Injinia? Cha serikali ama cha kampuni?"



"Mimi nasikia hapa kuna pande mbili tu," Mama akaendelea, polepole, kama anachuma. "Mlipatana nani atakunywa maziwa. Mlipatana ng'ombe atarudi lini. Mavi yake mkaachia shamba langu."

Ng'ombe wangu huyo! Alichukua mfano wangu wa baraza akautumia vizuri kunishinda mimi mwenyewe. Niliumia kidogo. Kidogo tu.

Wale wawili wakaangaliana. Halafu nikaona kitu ambacho zile simu mbili hazikufanya. Injinia akasema serikali inaweza kuchimba na kuvuta maji. Madam akasema kampuni inaweza kujenga. Mama akasema andikeni. Wakaandika: kazi inaanza wiki ijayo, na mpaka choo kiishe kujengwa wasafiri watatumia cha Mama, na kampuni itaandika mtu wa kukitunza na kusaidia madereva. Injinia aliandika amesimama. Madam alitia sahihi miguu ikiwa imekunjwa. Mimi nilikuwa shahidi, na nilitia sahihi polepole, kwa sababu sahihi yangu ina mapambo mengi.

Madam alipewa ufunguo kwanza. Injinia alingoja nje, chini ya mwavuli wa Mama wa maua ya waridi. Madam aliporudi, viatu vimekuwa vyekundu kwa tope mpaka juu, alikuwa anacheka hadi machozi. Akaomba kikombe cha nne.

Jioni hii nimewaambia watu wote barabarani kwamba ule mpango ulikuwa wangu. Wewe, Shajara, jua ukweli. Sikujua lolote. Mimi nilidhani ule ufunguo ni wa sanduku la nguo.

Wageni walipoondoka nilibaki jikoni nikizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Gunia la Jumatatu lilikuwa bado pale kona. Nikaanza kumwambia Mama kuhusu wale madereva, na kidole. Hakuniacha nimalize. Akavua ile kamba, akanivalisha shingoni.

"Nilikuwa nachuma laini ya tatu kutoka hapo. 'Ni kijani, boss.' Nilikusikia." Akaniangalia. "Uliwaonyesha njia ya kuingia kwa chai yangu. Sasa utawaonyesha njia ya choo."

Jina lililo kwenye ile karatasi ni langu. Ni yeye aliyelitaja, akijua kila kitu.

Nilimwomba Madam aniandike "Msimamizi wa Huduma za Wasafiri," na ameandika hivyo. Mama anasema mtu wa choo. Wacha aseme. Ufunguo ni mwepisi lakini naushika kila dakika kuona kama bado upo.

Zile laini mbili hatutazigusa kwanza, mvua izioshe. Kesho Mama atachuma za juu. Mimi nitaamka mapema, nichore mshale mkubwa kwa ubao, wa kuelekea mbali kabisa na chai. Halafu nitambebea gunia lake mpaka kituo cha kupimia, nipite nalo katikati ya wale wanawake wote, nilishushe mbele ya karani.

Acha anuse.