Chumba cha Pili

Kawangware, Nairobi
4 Februari 1973

Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na mama na wote hapo Chwele. Mimi ni mzima kabisa, na natumaini mgongo wako umepoa tangu Krismasi. Usibebe tena magunia peke yako.

Nina habari. Chuo kimeikubali mada yangu. Msimamizi wangu, Daktari Kiragu, aliisoma mara mbili akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Nataka kuchunguza mawazo mapya katika kampuni hutoka kwa nani, nani huyaamua pale juu, na kampuni ina wajibu gani kwa watu wanaoifanyia kazi. Wenzangu wameandika juu ya benki na mahoteli. Mimi nimechagua kiwanda cha rangi cha Wendover, pale ulipofanya kazi miaka kumi na minne.

Mkurugenzi wa sasa ni Bwana Mungai, aliyeingia baada ya wewe kuondoka. Ofisi yake iko Kenyatta Avenue, ghorofa ya tatu. Nilimweleza kwamba baba yangu alikuwa mfanyakazi wao, akafurahi. Alisema, "Soma chochote, dada. Hatuna cha kuficha." Sharti lake ni moja tu: aisome kazi yangu kabla sijaipeleka kwa watahini. Amenipa meza karibu na dirisha, na vitabu vya kumbukumbu za bodi tangu mwaka wa 1958.

Basi nisaidie, baba. Niandikie unachokumbuka, hata kidogo.

Mwanao,
Nakhumicha


Chwele
25 Februari 1973

Kwako mama yangu Nakhumicha,

Nimepokea barua yako na tumeisoma na mama yako mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Sote tu wazima. Mgongo umepoa. Mvua bado.

Unaniuliza habari za kiwanda. Kulikuwa na vyumba viwili vya kazi. Mimi nilikuwa chumba cha kwanza, cha kuchanganya rangi na mafuta. Chumba cha pili kilikuwa cha kusaga unga wa rangi. Watu wa huko ukikutana nao jioni kwenye barabara ya Naivasha, unajua siku hiyo kumesagwa rangi gani, maana ilikaa kwenye kope za macho hata baada ya kuoga. Rafiki yangu Tobias alifanya kazi huko. Unamkumbuka, yule Mjaluo aliyekuwa akikuletea miwa. Alifariki mwaka wa 1970.

Kampuni ilijenga jumba la shule, zuri sana, na picha ikatoka gazetini. Andika juu ya hilo. Mambo ya mashine waachie mafundi.

Soma kwa bidii, na usitembee Lavington usiku, askari wa yale majumba huachilia mbwa.

Baba yako,
Isaiah


Kawangware
10 Mei 1973

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Nasikia mvua imewafikia na mahindi yamesimama. Mimi ni mzima, ila macho yanauma kwa kusoma.

Nimegundua mambo, na la kwanza linakuhusu. Kumbukumbu za 1964 zinasema mhandisi Bwana Fenwick alibuni chombo cha kuvuta vumbi katika chumba cha kwanza, akapandishwa cheo. Nilikwenda kiwandani kukiona. Ogutu, ambaye sasa ni nyapara, alinitazama akacheka. "Fenwick alibuni nini? Hiyo kitu ni ya babako. Alikunja mabati kwa mikono yake, mimi nikishika taa." Kwa nini hukuniambia, baba? Nimekaa na hicho chombo nusu saa nikikichora. Bado kinafanya kazi.

La pili ni baya. Mwaka wa 1966 mjumbe mmoja wa bodi aliuliza kama chumba cha pili nacho kiwekewe chombo hicho. Wakaamua hakuna haja. Mkutano huo huo ndio uliopitisha lile jumba la shule. Na sababu iliyoandikwa ni hii: "Mfanyakazi mzoefu aliitwa, akathibitisha kwamba vumbi la chumba cha pili ni la kawaida na watu hawana malalamiko." Jina hakuna.

Kwa hiyo hadi leo watu wanasaga rangi wakiwa wamejifunga leso usoni. Nataka kumpata mtu huyo aliyesimama mbele ya bodi akasema uongo juu ya wenzake. Ogutu hamjui. Wewe je?

Mwanao,
Nakhumicha


Chwele
2 Juni 1973

Kwako Nakhumicha,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Nimekaa na barua yako majuma mawili. Mtu unayemtafuta ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Chombo nilikitengeneza baada ya mtoto wa Ogutu kuzaliwa, maana Ogutu alikuwa akikataa kumshika kwa ajili ya vumbi la nguo zake. Nilikunja bati kama faneli kubwa, nikalipitisha ukutani, na feni ikazungushwa na mkanda wa mashine ile ile ya kuchanganya. Bwana Fenwick alipokiona alisema, "Isaiah, kazi nzuri," na baadaye nikasikia ni chake. Sikuumia sana. Chumba kilikuwa safi.

Kisha Tobias akaniambia, "Tutengenezee na sisi." Nikaenda kwa Fenwick. Akasema bodi itaniita. Asubuhi ya mkutano alinishika bega pale ngazini: "Wakikuuliza, sema vumbi la kule ni la kawaida. Mwaka huu hatuwezi kusimamisha mashine za kusaga. Mwaka ujao tutaweka. Na nasikia binti yako ameingia shule ya bweni."

Hakusema zaidi ya hapo. Niliingia. Walikuwa watu saba. Mmoja aliniuliza, na nikasema vumbi ni la kawaida, bwana, watu hawana malalamiko. Nilikuwa na malalamiko ya Tobias masikioni mwangu wakati nikisema hivyo. Mwaka uliofuata Fenwick alirudi kwao Uingereza, na mimi sikuuliza tena.

Sitasema vumbi ndilo lililomuua Tobias. Daktari hakusema hivyo. Nasema tu kwamba miaka miwili ya mwisho alikuwa akilala ameketi.

Sasa unajua. Naomba usiandike jina langu.

Baba yako,
Isaiah


Chwele
19 Agosti 1973

Kwako Nakhumicha,

Salamu. Sisi ni wazima. Sijapata barua yako tangu Juni. Mama yako anauliza kila siku ya posta, nami namwambia una mitihani.

Nimefikiri. Nilikuomba usiandike jina langu. Naliondoa ombi hilo. Liandike mahali pote pawili, pa chombo na pa bodi. Usiliandike mahali pamoja tu ukaacha pengine.

Baba yako,
Isaiah


Kawangware
30 Septemba 1973

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa na hasira, na sikutaka ikufikie kwa posta. Nilikasirika kwa ajili ya Tobias, halafu nikakasirika kwa kuwa shule uliyoinunua kwa maneno yale ndiyo iliyonipa uwezo wa kuyasoma. Hilo limenichukua muda.

Kazi sikuiacha. Niliandika sura ya chumba cha pili na kumpelekea Bwana Mungai kama tulivyokubaliana. Juzi aliniita nyumbani kwake Lavington. Tuliketi kwenye veranda, mkewe akaleta chai na keki. Hakunitisha. Alisema, "Dada, mimi ni Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hiki. Wakubwa wa Uingereza wanangoja nianguke. Ukitoa sura hii, watasema nimeruhusu kampuni itukanwe. Iondoe, na mwakani njoo unifanyie kazi. Nahitaji watu kama wewe."

Nikamuuliza, "Na chumba cha pili?"

"Kwanza nijiimarishe," akasema.

Baba, anasema kama Fenwick, na naamini mwenyewe hajui.

Daktari Kiragu ananiunga mkono, ila ameniambia wazi kwamba mstari mmoja wa kumbukumbu hautoshi. Kampuni itasema nimeusoma vibaya. Inatakiwa sauti ya mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile. Sikuombi. Nakueleza tu mahali kazi ilipofika. Kama hutaki, nitaipeleka hivyo hivyo, na watahini waniulize wanavyotaka.

Mwanao,
Nakhumicha


Chwele
14 Oktoba 1973

Kwako Nakhumicha,

Tu wazima. Nitapanda gari moshi Bungoma Jumatano. Nipokee stesheni Alhamisi. Nimemweleza mama yako yote. Amenipigia pasi suti ya kanisani.

Nitaapa mbele ya wakili kama inatakiwa. Lakini kwanza nipeleke kwa huyo Mungai. Sitaki asome habari zangu kwenye karatasi kabla hajauona uso wangu.

Baba yako,
Isaiah


Kawangware
20 Januari 1974

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama. Natumaini safari ya kurudi haikukuchosha, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima na nimekonda kidogo.

Kuna mambo hukuyaona. Siku ile Lavington, ulipokwisha kumweleza yote ukatoka kwenda kuningoja langoni, Bwana Mungai alibaki amesimama kwenye veranda. Akasema, "Baba yako angeweza kukaa nyumbani kwake." Nikamwambia ndiyo, angeweza. Jumatatu yake meza yangu ilikuwa imeondolewa, na barua ya kampuni ikafika chuoni kutaka sura ifutwe.

Kamati ilikaa mara tatu. Mwishowe walisema jina la kampuni litolewe, paandikwe "kiwanda kimoja cha rangi". Nilikubali. Walitaka na kiapo chako kitolewe. Nilikataa, na Daktari Kiragu akawaambia kikitolewa naye atajitoa. Kimebaki. Ijumaa nilikaa mbele ya watahini kwa muda wa saa mbili na nusu. Nimefaulu, baba.

Ile kazi ya Bwana Mungai bila shaka haipo tena. Nimepata nafasi ya kufundisha jioni, Hurlingham, katika chuo kidogo cha uhasibu. Inatosha.

Sasa sikia la Ogutu. Nilimpa nakala ya sura. Aliwasomea watu wa chumba cha pili wakati wa chakula. Kesho yake walisimama kando ya mashine, wakasema hawaziwashi mpaka mtu mmoja wa bodi aje akae nao zikizunguka. Bwana Mungai alikuja mwenyewe. Ogutu anasema alikaa robo saa, akatoka akikohoa, suti yake imegeuka buluu, na hakufoka. Tangu juma lililopita mafundi wanakunja mabati. Vyombo viwili vimewekwa, vitatu bado. Ogutu anavihesabu kila asubuhi mbele ya meneja ili asisahaulike mtu.

Nimekutafsiria kurasa nne kwa Kiswahili, zile zinazokuhusu. Zisome polepole. Sikupunguza wala sikuongeza.

Mwanao,
Nakhumicha


Chwele
3 Machi 1974

Kwako mama yangu Nakhumicha,

Hatujambo sote, na mama yako anakutumia salamu na unga wa wimbi kwa mkono wa mwalimu anayekuja huko. Nimekuwa nikikuita mama kwa ajili ya jina la mama yangu ulilobeba. Siku hizi nakuita hivyo na kwa ajili yako mwenyewe.

Kurasa nilizisoma. Kisha nikafikiri kwamba maneno haya yatatembea, na siku moja yatamfikia Philister, mjane wa Tobias, kwa kinywa cha mtu mwingine. Basi nilizikunja nikazitia mfukoni nikaenda kwake Ugenya. Nilifika saa sita. Alikuwa anaanika mtama. Alinijua kwa mbali akaniita kwa jina, akaleta kiti na maji.

Nilimwambia, "Nimekuja na karatasi. Nikimaliza kusoma, ukitaka niondoke, nitaondoka."

Nilimsomea zote nne. Nilipomaliza aliniuliza, "Walipokuuliza, ulikuwa umekaa au umesimama?"

Nikasema nilikuwa nimesimama.

"Na wao?"

"Wamekaa."

Akatazama mtama wake. Kisha akasema, "Tobias alituambia ulikwenda ukawaambia ukweli wakakataa kusikia. Mpaka anakufa alisema hivyo. Alisema, Isaiah alijaribu."

Nilikaa pale, kofia mikononi.

Baadaye aliinuka akaleta chakula. Nilikula kidogo. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, maana nilikuwa nimekuja kumpa kitu, si kumchukulia kingine. Nilipoaga aliomba aziguse zile karatasi. Hajui kusoma, lakini aliniambia nimwonyeshe mahali jina la Tobias limeandikwa. Akaweka kidole hapo.

Akasema, "Binti zangu wawili wameolewa mbali. Watakuwa hapa Jumamosi ya Pasaka. Rudi uwasomee na wao."

Nimemwambia nitarudi.

Baba yako,
Isaiah