Udi wa Alhamisi Kule Jerba

Ibra, mfunguo tisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo, kwa siku zote ambazo sikuandika. Goti linasemaje? Na kifua, bado unakisugua mafuta ya mkaratusi au umekidharau? Sisi huku wazima, tunakula na kulala, ingawa mimi kulala kwangu ni kwa kupokezana na mawazo.

Barua yako ilinikuta nimepiga magoti juu ya sanduku, nalilazimisha lifunge. Uliandika mengi, lakini ulitaka neno moja tu: Salma aje kwetu au abaki kwako? Sikujibu. Barua nikaitia ndani ya mkoba, nikaenda nayo mpaka Tunisia, nikarudi nayo. Leo utapata jibu, ila nipe nafasi nikusimulie kwanza, maana jibu lenyewe nimelipata huko.

Unamkumbuka Zahra, yule Mtunisia niliyekuwa nikifundisha naye skuli ya wasichana hapa Ibra? Yeye na mumewe Bashiri walirudi kwao mwaka jana, kisiwa cha Jerba, wakatushikilia twende likizo ya katikati ya mwaka wa skuli. Nassor alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Aliambiwa Jerba kuna Maibadhi wa madhehebu yake, basi akawa kama mtoto aliyeahidiwa Sikukuu. Nikamwambia, "Mama akisikia umepanda ndege mbili kutafuta msikiti, atakucheka." Akanijibu, "Yeye Mashafii wenziwe wako kila pembe, hajui shida yetu."

Mama, baridi! Kisiwa kama chetu, ila pahala pa minazi pana mitende na mizeituni, na bahari ya majira hayo ni ya kijivu, upepo unaingia mpaka ndani ya meno. Nilivaa koti la Bashiri juu ya sweta la Zahra juu ya nguo zangu zote. Tulikula kuskusi kwa samaki na pilipili ya kusagwa inayotoa machozi. Tende za Nizwa tulizobeba walizila kwa heshima, halafu wakatuletea tende zao, tukaona haya kwa zetu.

Ilinipasa nistarehe. Sikustarehe. Nikikaa uani naona nimekaa sana, nikitoka pwani naona nimekwenda mbali. Nassor ananiita kiguu na njia, na hakosei. Tulipokuwa Nizwa niliona milima inanibana. Alipohamishiwa Sur nikasema hapa angalau pana bahari, nikawa navuka hori kwenda Aija ng'ambo jioni bila ya shughuli yoyote, nasimama, narudi. Alipoletwa Ibra nikaanza kuitamani Nizwa ile ile. Na kule Jerba wenzangu wanacheka, mimi nawaza tutarudi lini Ibra, na Ibra kwenyewe hakuna linaloningoja ila vumbi.

Alhamisi, magharibi ilipokwisha, tulikuwa ukumbini tunakunywa chai ya nanaa. Bashiri alikuwa ametoka kununua mikate. Mama yake, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, akaingia na chetezo kinafuka, akakizungusha juu ya vichwa vyetu mmoja mmoja. Sasa wewe hujakaa Oman, kwa hivyo nikueleze: huku udi ukipita, ziara imekwisha. Mgeni hujifukiza, akaaga, akavaa viatu. Kuendelea kukaa baada ya udi ni kukosa adabu. Nassor akaweka gilasi chini, akaitafuta kofia yake. Akaninong'oneza, "Yalla, mama Salma, tuage. Siku ya tatu leo, siku ya jembe. Wallahi wametuchoka."

Hakuona kuwa mimi nilikuwa nishanyanyuka kabla yake. Mimi, niliyezaliwa nyumbani kwako, ambako udi huchomwa ili mtu akae anukie! Tukamwombea bibi dua, tukapanda juu kufunga masanduku. Yeye akabaki na chetezo mkononi, akidhani tumeugua.

Zahra akatukuta tunakunja nguo. Kwa kuwa alikaa Ibra alifahamu mara moja, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Huu ni wa kuondoa husuda! Tunachoma kila usiku wa Ijumaa! Na mimi huko kwenu je? Siku ya mwanzo kwa jirani udi ulipita, nikakaa nikaomba kahawa nyingine!" Tukarudi ukumbini tumefedheheka, na sisi tunacheka.

Bibi alipoelezwa hakucheka. Alinitazama, akauliza, na Zahra akinifafanulia Kiarabu chao kilichonipita: "Ni desturi yenu tu, au wewe mwenyewe unapenda kuondoka? Watoto unao?"

Nikamwambia ninaye mmoja, yuko kwa mama yangu.

"Kwa nini?"

"Mpaka tutulie."

Bibi akajipiga paja. "Mume wangu naye! Alikwenda Tunis mjini kufungua duka la vyakula, kama wanaume wote wa hapa. Akasema atatuita akitulia. Akatulia kweli, akarudi ndevu nyeupe! Bashiri alimfungulia mlango akamwuliza, 'Ami, unamtafuta nani?'"

Bashiri mwenyewe akaingia na mikate yake wakati huo huo, akashangaa sote tunamtazama.

Tangu hapo sikupata raha. Ile barua aliyoniandikia Salma, uliyoitia ndani ya yako, inaanza, "Kwako mama wa Oman." Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Sasa hainichekeshi. Ameniwekea jina la kunipambanua, kwa sababu mama ni wewe.

Basi jibu langu ni hili: namtaka Salma. Hatujatulia, mama. Pana maneno tena kuwa Nassor atarudishwa Nizwa, na baada ya Nizwa Mungu ndiye ajuaye. Namtaka hivyo hivyo, ahame nasi, agombane nami, anichoke. Najua ninachokuomba. Wewe ndiye uliyemkesha kwa surua, na nyumba yako itakuwa kimya. Ukitaka kuja naye chumba kipo, na Nassor amenituma niseme hivyo kwa moyo wake wote. Ukikataa sitakulazimisha, ila nitalia, na wewe utalia.

Usimkabidhi kwa msafiri yeyote. Skuli wamenipa ruhusa, na Shaabani ikiandama nakuja mwenyewe, inshaallah.

Nisalimie kaka Abdalla, mwambie asijifanye hana nafasi ya kunipokea. Nisalimie shangazi wa nyumba ya pili, dawa yake ya macho naileta. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayemsomesha Salma, mpe shukrani zangu. Nassor anakuamkia, na anaomba usimcheke mbele za watu.

Salma usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, na asipozipokea siku ya mwanzo, nitakaa hapo hapo mpaka azipokee.

Mwanao akupendaye,
Rahma