Nywele za Mama Ndani ya Darubini ya Babu

Jumatatu, 7 Julai
Ndugu zangu wa mapambano, adui wa leo ni kuvu. Naandika kana kwamba nipo jukwaani, ingawa humu chumbani, nyumbani Mbozi, ni mimi na kitanda. Chuo kimefungwa, mazoea hayajafungwa.

Nimeifungua tena darubini ya bunduki ya marehemu babu. Bunduki ilirithiwa na baba mdogo Elia, aliyeko Ivuna kando ya ziwa, na kibali anacho. Darubini ilirithiwa na baba. Baba alipofariki ikawa yangu. Lenzi zimeota kuvu. Nyuzi mbili zinazopishana kuonyesha shabaha zimekatika. Lazima ipone. Fisi ameua mtoto wa jirani yake baba mdogo, na macho ya baba mdogo yamechoka. Tuliomba askari wa wanyamapori. Tukaambiwa tusubiri. Mnyonge husubiri hadi makaburi yajae.

Jumatano, 9 Julai
Lenzi zimetakata. Nyuzi bado. Singa za mkia wa ng'ombe ni nene mno, zinaziba shabaha nzima. Nimemwomba mama nywele mbili. Akasita. Kwetu nywele zikinyolewa huchomwa, zisiokotwe na mbaya wako.

"Mwanangu, kitu cha mwilini hakiwekwi kwenye silaha."

Nilimhutubia juu ya ukombozi wa fikra. Akazing'oa, akanipa bila kunitazama, akarudi shambani kwenye kahawa yake.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeikausha darubini juu ya jiko hadi unyevu wote ukatoka. Nikazivuta nywele, nikazigandisha kwa gundi. Zimekaza barabara. Najivunia.

Jumapili, 13 Julai
Ivuna. Jua kali la alasiri. Baba mdogo alinipokea kwa kejeli: "Msomi, ukimaliza kuifunga hiyo, niangalizie na serikali ilipo."

Tulirekebisha shabaha hadi kibuyu cha mbali kikasambaratika. Alicheka kama mtoto. Kesho alfajiri atamvizia fisi penye mzoga wa mbuzi.

Jumatatu, 14 Julai
Ukungu mzito kutoka ziwani. Hata mashati yetu yalilowa. Fisi alikuja. Baba mdogo alilenga moyo, akapata paja. Fisi hakukimbia. Alimrukia.

Wanaume walimmaliza fisi kwa mapanga. Baba mdogo hakufika zahanati.

Jumatano, 16 Julai
Tumezika. Kabla ya mazishi nilichungulia darubini. Nywele zimelegea, zimebonyea upande. Unywele hunywa unyevu na kurefuka. Nilizikaza katika ukavu wa jiko, ukungu ukazilegeza. Kosa ni la fundi, na fundi ni mimi.

Watu walikwisha kunong'ona habari za uchawi. Nilisimama mbele ya waombolezaji ili niuzime uongo kwa sayansi. Nikaeleza yote: unyevu, gundi, ukungu. Nilipotamka "nywele za mama yangu", vichwa vyote vikamgeukia. Hakuna aliyesikia neno jingine.

Shangazi, dada wa marehemu, alisema taratibu: "Kumbe. Alianza na mume, sasa shemeji."

Mama, aliyekuja kwa mazishi, alikuwa ameketi mkekani na wanawake. Waliondoka mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake.

Nimeshinda midahalo mingi kwa ulimi huu. Leo nauchukia.

Alhamisi, 17 Julai
Tumerudi Mbozi. Habari zilitutangulia kwa simu. Mibuni ya mama iliyo karibu na njia imefyekwa, buni zikiwa bado matawini. Nimetoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Ameahidi kuwapo kwenye kikao cha ukoo alichokiitisha shangazi juu ya mama. Ahadi nazijua.

Nilimsihi mama aende Ileje kwa dada yake. Alikataa. "Nikikimbia, nimekiri."

Ijumaa, 18 Julai
Nimeandika hotuba. Nimeichana. Nitasema kwa maneno machache kwamba nilimlazimisha, na kwamba aliyekosea ni mimi.

Mama anachambua maharage. Ameniuliza watakuja wangapi, ajue kiasi cha unga. Nimemwambia ukoo wote. Akaongeza kisado kingine cha unga.

Nitaketi ubavuni mwake. Kikao cha ukoo ni kesho, saa nne asubuhi, hapa uani kwetu.